Meza ya Vitabu: Sinclair Lewis na riwaya ya mji mdogo

Toleo lililopita tulichapa makala fupi kuhusu Sinclair Lewis, Mmarekani aliyepata jina kwa kuandika maisha ya mji mdogo katika jimbo la Minnesota. Barua zimeingia kutoka Iringa hadi Tukuyu, na nyingi zinazunguka jambo lilelile: yeye aliwezaje, na mwandishi wa huku kwetu ataanzia wapi. Tumechagua sita. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

Shikamooni wahariri. Nasoma fasihi mwaka wa pili hapa Iringa. Mhadhiri alisema Lewis ndiye Mmarekani wa kwanza kupata Nobel ya fasihi, kisha akapita zake. Alifikaje huko akitokea mji mdogo? Alitajirika kwa kitabu cha kwanza? — Mwanafunzi, Iringa

Marahaba. Hapana, wala si cha pili. Riwaya iliyompa jina, Main Street, ilikuwa kitabu chake cha saba.

Alizaliwa Sauk Centre, Minnesota, tarehe 7 Februari 1885, baba yake daktari wa mji. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita. Alisoma Chuo Kikuu cha Yale, akamaliza 1908, kisha zikafuata siku za kubangaiza: gazeti moja huko Waterloo, Iowa, jingine San Francisco, halafu ofisi za wachapishaji New York. Mwaka 1910 hali ilikuwa ngumu kiasi kwamba alimuuzia Jack London mawazo 14 ya hadithi kwa jumla ya dola 70, yaani dola tano kila wazo. Mwaka 1912 alitoa kitabu cha watoto kwa jina la kubuni, Tom Graham. Riwaya yake ya kwanza ya watu wazima, Our Mr. Wrenn, ilitoka 1914, nayo aliiandika huku akiendelea na kazi ya ofisini. Ofisi hakuiacha mpaka mwishoni mwa 1915, na kilichomtoa hakikuwa riwaya bali hadithi fupi. Gazeti la Saturday Evening Post lilikuwa limeanza kuzinunua kwa bei ya kuweza kuendesha nyumba.

Zikafuata riwaya nyingine nne kati ya 1915 na 1919. Zilisomwa kiasi, zikasahaulika.

Wakati huohuo lile wazo la mji mdogo lilikuwa limelala. Alikuwa amelipata mwaka 1905, akiwa kijana wa chuo aliyerudi nyumbani likizo na kuchoshwa na mji. Mhusika mkuu alipaswa kuwa mwanasheria aliyeoza taratibu pale kijijini. Halikusonga. Kwa maoni yetu sababu si ngumu kuiona: mtu aliyekwisha kuuzoea mji hawezi kumwonyesha msomaji kitu kipya, kwa kuwa yeye mwenyewe hakioni tena. Mwaka 1916 Lewis alimpeleka Sauk Centre mkewe Grace, mwanamke wa New York, na akaanza kuuona mji wa utotoni kwa macho ya mgeni. Mwanasheria akashushwa cheo, akawa mhusika mdogo. Nafasi yake ikachukuliwa na Carol, mkutubi wa mjini anayeolewa na daktari na kuletwa Gopher Prairie, mji wa kubuni wenye watu elfu tatu na ushee.

Kitabu kilitoka Oktoba 1920. Wakala wake, aliyekuwa na matumaini kuliko wote, alikadiria nakala 25,000. Miezi sita ya kwanza ziliuzwa zipatazo 180,000. Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi: Babbitt 1922, Arrowsmith 1925, Elmer Gantry 1927, Dodsworth 1929, na Nobel 1930. Kwa hiyo mtihanini andika hivi: wazo lilikaa miaka 15, na umaarufu ukaja ndani ya miaka 10.

Ninataka kuandika riwaya kuhusu Makambako. Nina kisa, nina wahusika, lakini kila nikianza kuandika mji hauonekani, unakuwa kama mji wowote. Yeye alikuwa anakusanyaje habari zake? — Fundi simu, Makambako

Swali hili ndilo lililotufanya tutenge kurasa hizi.

Lewis hakuanza na sentensi, alianza na daftari. Kwa Babbitt, riwaya ya wakala wa nyumba na viwanja katika mji wa kubuni wa Zenith, alichora ramani: mitaa, eneo la ofisi, hadi mpangilio wa nyumba ya Babbitt na samani zake. Aliandika maisha ya wahusika tangu kuzaliwa, pamoja na mambo ambayo hayakuingia kitabuni. Kisha akaandika mpango mrefu, tukio kwa tukio. Rasimu ya kwanza ilikuja baada ya yote hayo, na baada ya rasimu alikata bila huruma.

Sasa njoo Makambako. Nunua kaunta buku ya kwaya mbili, usitumie simu (tunajua ndiyo kazi yako, lakini simu itakuletea WhatsApp katikati ya sentensi). Kurasa mbili za kati ni za ramani. Chora njia kuu ya Mbeya na Iringa, njia panda ya kwenda Njombe na Songea, reli ya TAZARA na stesheni yake, stendi, soko, misikiti na makanisa, maghala ya mahindi. Halafu weka nyumba ya kila mhusika kwa alama ya iksi. Usipojua mhusika wako analala wapi, hutajua anapita wapi asubuhi, na usipojua anapita wapi hutajua anakutana na nani.

Baada ya ramani, tembea na saa. Katika sura ya 4 ya Main Street, Carol anaumaliza mji mzima kwa dakika 32. Namba hiyo moja inamwambia msomaji udogo wa mji kuliko aya nzima ya malalamiko. Pima na wewe: kutoka stendi hadi stesheni ni dakika ngapi kwa miguu, ngapi kwa bodaboda, na nauli yake shilingi ngapi mchana na ngapi baada ya saa nne usiku. Andika saa ambazo malori yanasimama na saa ambazo mama ntilie anawasha moto. Rudia mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza na watu wote wamevaa makoti, kisha mwezi wa pili wakati wa mvua na matope. Mji wa nyanda za juu usioandikiwa majira hauna sura. Ukiona hadithi yako ingeweza kutokea Tanga bila kubadilisha neno, daftari lako bado ni jembamba.

Jambo la tatu ndilo bora zaidi katika sura ile, na linastahili kusomwa mara mbili. Carol anatembea barabarani na kuona nzi, vioo vichafu, hoteli chakavu, duka la dawa lenye vumbi. Mara tu anapomaliza, Lewis anaanza upya. Siku ileile, barabara ileile, anapita Bea, msichana wa Kiswidi kutoka shamba, ambaye kijiji chake kina wakazi 67. Anatafuta kazi za ndani. Kwake hoteli ile ya ghorofa tatu ni ajabu, duka lile la dawa lina kaunta ya marumaru ya soda, na watu ni wengi hata hajui aangalie wapi. Mwandishi hasemi nani yuko sahihi. Jaribu zoezi hilo kabla ya sura yako ya kwanza: kurasa mbili za stendi ya Makambako kwa macho ya mke wa mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, kurasa mbili za stendi hiyohiyo kwa macho ya kijana aliyeshuka asubuhi kutoka kijiji cha ndani cha Wanging'ombe. Vitu vilevile, majina ya maduka yaleyale. Kama kurasa zote nne zinasikika sawa, tatizo si mji, ni wahusika wako.

Yapo yanayoharibika hapa. La kwanza, mwandishi akishajaza daftari huona uchungu kuacha kitu, na riwaya inageuka orodha ya maduka. Kipimo chetu: katika kila mambo kumi uliyoandika, ingiza mawili, na kila moja lipite mkononi au machoni mwa mhusika anayelihitaji wakati huo. La pili, kutafiti bila mwisho. Jiwekee wiki sita, kisha funga daftari. Baada ya hapo maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 40, yanafika 60,000, na hiyo ni riwaya ya kurasa kama 200. Main Street yenyewe ina sura 39 na ni ndefu mno. Robo ya mwisho inajivuta, msiogope kusema hivyo darasani.

Mimi naogopa. Mafinga tunajuana. Nikiandika habari za mwenye kiwanda cha mbao, hata nikimbadilisha jina, kesho atanijia nyumbani. Je, watu wa mji wa Lewis walimfanyaje? — Msomaji wa kike, Mafinga

Walikasirika, dada yetu. Sauk Centre ilijitambua mara moja, maana mabadiliko hayakuwa makubwa: ziwa lipo, reli ipo, daktari yupo, na kila mtu alijua nani ni mtoto wa daktari. Lakini hasira ile haikudumu. Timu za shule ya sekondari ya pale zilikuja kuitwa kwa jina la riwaya, mtaa aliozaliwa ukapewa jina lake, na nyumba aliyokulia inahifadhiwa kama urithi wa taifa tangu 1968. Kwetu pia tuna mfano. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971 na inayosimulia Ukerewe alikotoka mwenyewe, ilizuiwa shuleni kwa uwazi wake, kisha ikaja kusomeshwa.

Hilo halikusaidii wewe leo, kwa hiyo tuzungumze kazi. Kubadilisha jina peke yake hakufichi mtu. Mtu hutambulika kwa alama tatu zikikutana: kazi yake, mahali anapokaa, na ndugu au tukio linalojulikana. Vunja angalau mbili kati ya hizo. Mwenye kiwanda cha mbao mfanye mwenye ghala la pareto, mhamishe upande mwingine wa barabara, na kama ana mtoto aliyefungwa, mnyime. Njia bora zaidi ni kuunganisha watu watatu: sauti ya mmoja, ubahili wa mwingine, ndoa ya wa tatu. Mji wenyewe upe jina jipya, lakini baridi na misonobari ya Sao Hill usiiguse, hiyo haimshitaki mtu.

Na jambo ambalo kweli linaweza kukupeleka mahakamani ni kumpachika mtu anayetambulika kosa la jinai au ugonjwa ambao huwezi kuuthibitisha. Neno «hii ni hadithi ya kubuni» ukurasa wa mbele halikulindi kama mji mzima unamjua. Kabla ya kuchapa, mpe mswada mtu mmoja wa Mafinga asiyependa umbea na umuulize kitu kimoja tu: umemtambua nani?

Kwa nini alikataa Pulitzer, tuzo ya kwao Marekani, halafu akapokea Nobel? Si unafiki huo? Na kwa nini vitabu vyake vya baadaye havitajwi? — Mfanyabiashara, Mwanjelwa, Mbeya

Tuanze na ugomvi. Mwaka 1921 jopo la waamuzi lilipendekeza Main Street ipate Pulitzer. Wadhamini wa Chuo Kikuu cha Columbia, wenye kutoa tuzo hiyo, wakatengua na kumpa mwandishi mwingine, Edith Wharton. Lewis hakumchukia Wharton, kinyume chake kitabu cha Babbitt alimtabarukia yeye. Lakini mwaka 1926 walipompa tuzo hiyo kwa Arrowsmith, pamoja na dola 1,000, aliikataa. Hoja yake ilikuwa masharti ya tuzo: yalitaka riwaya inayoonyesha maisha mema ya Kimarekani na kiwango cha juu cha adabu zao, na kwake hicho kilikuwa kipimo cha utii, si cha fasihi. Nobel haikuwa na sharti la namna hiyo. Wapo waliosema alikuwa analipa kisasi cha 1921. Huenda yote mawili ni kweli, mtu anaweza kuwa na hoja nzuri na kinyongo kwa pamoja.

Kuhusu vitabu vya baadaye: baada ya Nobel alitoa riwaya kumi, ya mwisho ikitoka baada ya kifo chake. Inayosomwa bado ni It Can't Happen Here ya 1935, kuhusu udikteta kuingia Marekani kwa kura, na kwa kiasi Kingsblood Royal ya 1947 kuhusu ubaguzi wa rangi. Nyingine zimefifia. Pombe ilimharibu, ndoa mbili zilivunjika, mtoto wake wa kwanza Wells aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1944, na yeye mwenyewe hakutulia mahali. Ila sababu ya kiufundi ndiyo inayomfaa mwandishi. Njia yake ya utafiti ilianza kumtawala. Kwa Arrowsmith alikuwa na Paul de Kruif, mwanasayansi aliyeijua maabara kwa ndani, na akamgawia robo ya mrabaha. Kwa Elmer Gantry alikaa Kansas City na wachungaji mwaka 1926. Baadaye akawa anachagua fani kwanza, mara hoteli, mara tamthilia, mara taasisi za hisani, halafu anatafuta mtu wa kuivaa. Fani inaonekana, mtu haonekani. Riwaya ya vyama vya wafanyakazi aliitafiti kwa miaka na hakuiandika kabisa.

Alifia Roma tarehe 10 Januari 1951. Majivu yake yalirudishwa Sauk Centre.

Wahusika wangu ni Wanyakyusa. Wakiongea Kiswahili sanifu kitabuni wanakuwa kama watangazaji wa redio. Nikiweka Kinyakyusa, wasomaji wa Tanga wataachwa. Nifanyeje? — Mwalimu wa sekondari, Tukuyu

Mwalimu, Lewis alikuwa na sikio kali na alipenda kuigiza watu sebuleni hadi wageni wakachoka. Katika vitabu vyake mfanyabiashara hutambulika kwa namna anavyojirudia, anavyorusha misemo ya matangazo, na anavyojibu swali ambalo hakuulizwa. Tahajia ya maneno aliipotosha mara chache kwa wenyeji. Kwa wahamiaji wa Skandinavia aliipotosha zaidi, na hizo ndizo sehemu zinazochosha leo.

Kwa hiyo, acha kuandika lafudhi. Makosa ya matamshi yaliyoandikwa herufi kwa herufi humfanya mhusika kichekesho kabla hajasema jambo. Chukua salamu, shukrani na mshangao katika lugha yenyewe: «ndaga» itaeleweka hata Tanga kama anayesema amepokea mkungu wa ndizi. Maneno mawili au matatu kwa ukurasa yanatosha, kila moja likiwa mahali ambapo tendo linalieleza. Yaliyobaki weka kwenye mwendo wa mazungumzo. Mzee wa Rungwe haingii kwenye shida yake moja kwa moja. Kwanza mvua, kisha mifugo, kisha wagonjwa, na deni linakuja mwishoni wakati mgeni ameshasimama. Mpe nafasi hiyo. Ukimfanya aseme deni sentensi ya kwanza umemfanya mtu wa benki.

Jaribio la haraka: futa majina yote kwenye ukurasa wa majibizano, mpe mwanafunzi asome, aseme nani ni nani. Akikosea zaidi ya mara moja, rudi kazini.

Vitabu vyake naweza kuvipata bila kununua? Na nikitaka kuitafsiri Main Street kwa Kiswahili, naomba ruhusa kwa nani? — Mkutubi, Njombe

Main Street, Babbitt na Arrowsmith zipo bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Pakua faili la epabu (EPUB, kitabu cha kusomea kwenye simu), linasomeka kwenye simu ya kawaida bila bando baada ya kushuka. Anza na Babbitt kama Kiingereza chako ni cha wastani, sura zake ni fupi na zinachekesha. Main Street ifuate. Elmer Gantry wape waliozoea mahubiri ya mkutano wa hadhara, hawatahitaji maelezo. Ukitaka wengine wa njia hiyo, Winesburg, Ohio ya Sherwood Anderson (1919) ni visa vifupi vya mji mmoja, na Plainsong ya Kent Haruf (1999) ina upole ambao Lewis hakuwa nao. Hiyo ya Haruf bado inauzwa, usiitafute bure.

Kuhusu tafsiri, sheria ya hakimiliki ya Tanzania hulinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Lewis alikufa 1951, hivyo kwa hapa nyumbani ulinzi uliisha na mwaka 2001. Huombi ruhusa kwa mtu. Marekani hesabu ni nyingine, miaka 95 tangu kuchapwa: vyote vya hadi 1929 viko huru, lakini It Can't Happen Here ya 1935 bado. Ukitaka kuuza tafsiri yako mtandaoni hadi kule, kaa kwenye vile vya zamani. Tafsiri yako yenyewe ni kazi yako, na unaweza kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Usianze na ukurasa wa kwanza. Tafsiri sura ya 4 peke yake kwanza, ile ya Carol na Bea barabarani. Utakwama kwenye majina ya bidhaa na maduka ya 1912 hivi, na hapo ndipo utakapoamua kama unaeleza ndani ya sentensi au unaacha kama yalivyo. Amua mara moja, andika uamuzi wako kwenye karatasi ubaoni, na uufuate hadi sura ya 39. Mhariri ataona papo hapo ukibadilisha njiani. Sura hiyo ikikamilika, tutumieni nakala. Tukiona inasomeka tutachapa kurasa mbili.